Naangusha laptopu kwa mshahara: siku moja maishani mwangu

Saa 1:00 asubuhi. Glavu kwanza, ndipo nafungua chumba cha baridi. Mashine imelala humo usiku kucha kwenye nyuzi 29 chini ya sifuri. Nabonyeza kitufe. Inawaka, ila skrini inajivuta kama mtu aliyekatishwa usingizi. Imepita.

Saa 3:00. Zamu ya kuangusha. Tunafuata MIL-STD-810H, kiwango cha jeshi la Marekani cha kupima uimara wa vifaa: kimo cha sentimita 122, chini plaiwudi ya sentimita 5 iliyolazwa juu ya zege. Mara 26, yaani nyuso 6, kingo 12, pembe 8. Kiwango kinaruhusu kugawa mapigo hayo kwa mashine hadi 5, lakini leo nimeomba moja ibebe yote. Pembe ndizo zinazoniumiza roho: gamba la aloi ya magnesiamu hutoa mlio mkavu, nami hukunja uso kila mara, japo ni miaka sasa.

Watu hudhani jeshi la Marekani hugonga muhuri. Haligongi. Mtengenezaji hujipima mwenyewe au hulipa maabara. Ukiona boksi limeandikwa "kiwango cha kijeshi", uliza: jaribio lipi?

Saa 6:00 nakula mbio mbio.

Saa 8:00 mchana. Maji, kwa mashine ileile. IP65, kiwango cha kuzuia vumbi na maji, inadai vumbi lisiingie kabisa, na mashine istahimili bomba la tundu la milimita 6.3 linalomwaga lita 12.5 kwa dakika, kwa dakika 3. Nafuta, nafungua skrubu moja moja. Feni haina neno. Imekaa nje ya sehemu iliyozibwa, joto la prosesa na kadi ya michoro linaifikia kwa mirija ya shaba. Lakini kando ya tundu la USB kuna tone. Moja tu, dogo kuliko punje ya mtama. Naweka lenzi: ukingo wa gamba umepinda kidogo, kizibo cha mpira hakikai sawasawa.

Saa 10:00 mhandisi wa usanifu anashuka.

"Mashine mpya inapita maji, bwana."

"Mpya, ndiyo. Askari anaidondosha kwanza, mvua inakuja baadaye."

Ananyamaza, anaiomba lenzi. Anaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Saa 11:00 jioni. Kwenye ripoti naandika "imefeli", nabandika picha ya tone. Nyingine naiingiza kwenye baridi.