Nilivyojifunza kusoma zana kuukuu za Ngamiani

Randa yangu ya kwanza ya zamani niliinunua Ngamiani, hapa Tanga, kwenye turubai lililotandazwa kando ya barabara, imelala kati ya pasi ya mkaa na rundo la bawaba. Kutu ilikuwa imeishika hata kisu hakitoki. Muuzaji alitaka elfu kumi na tano, nikampa kumi na mbili. Kilichonivuta ni neno moja lililokuwa bado linasomeka kwenye kile kibamba cha juu kinachobana kisu: STANLEY, jina la kiwanda maarufu cha zana cha Marekani.

Niliilaza kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi ilipofunguka nikaona mstari mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye mdomo wa randa, pale kisu kinapotokea, ukapanda ubavuni. Ufa. Mwili wa randa hizi ni chuma cha kumimina, na chuma hicho kikianguka kwenye saruji hakipindi, kinapasuka. Mtu alikuwa ameujaza gundi ya chuma na kupaka rangi juu yake. Tangu siku hiyo sinunui randa kabla sijaipitisha ukucha mdomoni, pembe zote nne.

Nilipozidi kusugua, likatokea jambo la pili: mwilini kumeandikwa No. 04. Stanley hawakuweka sifuri mbele ya namba zao. Sifuri ni ya Record, randa za mji wa Sheffield, Uingereza, zilizoanza kutengenezwa na C. & J. Hampton mwaka 1931 kwa kufuata mfano wa Stanley. 04 ya hawa ni sawa na 4 ya wale, na vipuri vingi vinaingiliana, kwa hiyo mafundi walikuwa wakivunjikiwa huku wanachukua kule. Nilikuwa nimenunua mwili wa mmoja umevaa kofia ya mwingine. Haikunisikitisha. Fundi aliyefanya vile alikuwa na kazi ya kumaliza, akaimaliza.

Stanley halisi nilikuja kuipata miezi kadhaa baadaye, na hiyo ndiyo iliyonifundisha kutazama ndani badala ya nje. Ukitoa kisu, kisha ukatoa na kile kiti cha chuma kinachokaa chini yake, nyuma yake kwenye mwili mara nyingine unakuta tarehe za hataza (patent) zimemiminwa pamoja na chuma. Zikiwa tatu, na ya mwisho ikiwa APR-19-10, yaani 19 Aprili 1910, umeshika randa ya Marekani ya miaka ya 1910. Tundu la skrubu kwenye kibamba nalo linasema: la zamani lina umbo la tundu la ufunguo, la kuanzia 1933 hivi lina umbo la figo. Na ukikuta MADE IN ENGLAND, basi si ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1930, kwa sababu ndipo Stanley walipoanza kutengeneza randa Sheffield. Nyingi ninazoziona Tanga ni hizo za Uingereza. Zinafanya kazi vizuri tu.

Msumeno ulinipa somo chungu zaidi. Nilipata mmoja mrefu, bamba lake limenyooka, meno yote yapo. Kwa haraka yangu nikafunga brashi ya waya kwenye grenda nikausafisha ukang'aa kama sahani. Mzee mmoja jirani yetu, seremala mstaafu, alipoushika aliugeuza juani mara mbili tatu, kisha akauliza, "Mwanangu, maandishi umeyapeleka wapi?"

Sikujua kama yalikuwepo. Misumeno ya zamani iliandikwa jina la kiwanda katikati ya bamba kwa tindikali, maandishi yasiyo na kina hata cha karatasi. Ukisugua kwa nguvu, yamekwenda na hayarudi. Kilichobaki ni kifungo cha shaba kwenye mpini, kimeandikwa WARRANTED SUPERIOR. Nikadhani ndilo jina la kiwanda. Kumbe vifungo vya namna hiyo vilitumiwa na viwanda vingi, Uingereza na Marekani, kwa misumeno ambayo hawakuipa jina lao. Jina nililolihitaji nilikuwa nimelifuta kwa mkono wangu, na mpaka leo nikiushika msumeno ule roho inaniuma.

Sasa kutu naitoa kwa magadi. Nayeyusha konzi moja kwenye ndoo ya plastiki, natumbukiza zana na kipande cha chuma kibovu bila kugusana, kisha naunga chaja ya betri ya gari: hasi kwenye zana, chanya kwenye kile kibovu. Kibovu kisiwe cha chuma kisichoshika kutu (stainless), maana kinatoa sumu majini. Naiweka uani, mbali na moto, kwa kuwa mapovu yale ni gesi inayowaka. Kesho yake kutu imegeuka tope jeusi linalotoka kwa kitambaa, na kila alama iliyogongwa kwenye chuma inasomeka. Bamba la msumeno silitii humo. Nalisugua kwa msasa laini sana uliofungwa kwenye kibao, kwa mafuta, polepole, huku nikitafuta kivuli cha herufi.

Kwenye patasi, maneno yanayopotosha watu ni CAST STEEL. Vijana wanasoma "cast" wanadhani ni chuma cha kumimina, kitakatika, wanaiacha. Ni kinyume kabisa. Ni feleji iliyoyeyushwa kwenye vyungu, njia iliyoanzishwa na Benjamin Huntsman huko Sheffield miaka ya 1740, na inashika makali kweli kweli. Wajerumani waliandika Gussstahl kwa maana hiyo hiyo. Nilikuta neno hilo kwenye kisu cha randa ya mbao yenye pembe mbele, ile ya kushikia mkono wa kushoto, na pembeni yake Garantirt, yaani "imedhaminiwa", bila e ya katikati. Tahajia hiyo iliachwa rasmi mwaka 1901, ingawa kiwanda kingeweza kuendelea na muhuri wake wa zamani kwa miaka. Katika mji ambao Wajerumani walianza kujenga reli yao mwaka 1893, sikushangaa kuikuta.

Ya reli nayo ninayo: spana nzito iliyogongwa E.A.R. & H., yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki, jina la kati ya 1948 na 1969. Upande mmoja ina 1/2 W. Muuzaji aliiona haina maana, kwa sababu mdomo wake una milimita 23 na ushei wakati nusu inchi haifiki 13. Lakini W ni Whitworth, vipimo vya zamani vya bolti vya Uingereza, na hapo namba inataja unene wa bolti, siyo upana wa nati.

Kilichokuwa kinaniumiza zaidi ni mipini. Wauzaji walikuwa wanaivunja kwa nyundo, kwa kuwa mnunuzi wa skrepa anapima chuma tu na mbao anaikataa. Mpini wa msumeno uliochongwa ukakaa kiganjani unaishia kuchomea chai. Nikaanza kumlipa mmoja wao kwa kipande, si kwa kilo, na msumeno ukiwa na mpini mzima namwongezea elfu tatu. Jumamosi iliyopita nilimkuta ameniwekea msumeno ndani ya gunia, mpini wake mzima, skrubu zote tatu za shaba mahali pake. "Sijaufuta hata vumbi, kaka," akaniambia. Tuliutoa kivulini, tukauinamisha juani, na katikati ya bamba, chini ya kutu, herufi zikaanza kuonekana.