Sili za mguu wa moteri ya zamani: nilivyozibadilisha hapa Goma

Moteri ninayoizungumzia ni ya boti, Yamaha Enduro ya farasi 40, ile ya kuchanganya oili na petroli, ya miaka mingi. Nilipolegeza skrubu ya chini ya mguu, yaani ile sehemu inayozama majini yenye gia na propela, oili ya gia ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Hapo hakuna la kubishana: maji yameingia. Kwenye nchi za baridi maji hayo huganda na kupasua mguu, kwa hiyo mwenye moteri hushtuka mapema. Ziwa Kivu halina barafu, ndiyo maana watu wanaendelea kubeba mizigo ya Minova na Idjwi na oili nyeupe vile vile, huku beringi zikiliwa na kutu mpaka siku gia zinapoanza kulia.

Kabla ya kufungua chochote nilipima kwa hewa. Wengi huruka hatua hii, wakabadilisha sili (kipete cha mpira chenye mdomo unaobana shafti ili maji yasiingie wala oili isitoke) ambayo haikuwa na shida na kuiacha iliyoharibika. Kifaa chenyewe hakihitaji duka. Chukua skrubu ya zamani ya mguu, itoboe katikati kwa urefu wake, umpe fundi wa kuchomea aunge juu yake vali ya tyubu ya pikipiki. Tia washa yake, ifunge kwenye tundu la juu baada ya kumwaga oili yote, funga tundu la chini, halafu tumia pampu ya mkono yenye saa ya kusoma presha.

Anza chini, kama bar 0.3, usubiri dakika chache. Sili iliyochoka huvuja kwenye presha ndogo, kisha ukiongeza hewa mdomo wake unabanwa kwenye shafti na uvujaji unakoma. Anayekimbilia presha kubwa moja kwa moja ataambiwa na saa kwamba mguu ni mzima. Baada ya hapo nilipanda hadi bar 1, nikaishia hapo, kwa kuwa ukizidisha unaweza kuzing'oa sili mahali pake. Wakati hewa iko ndani, zungusha shafti ya propela kwa mkono, ivute na kuisukuma, tikisa pia fimbo ya gia. Mguu uwe ndani ya pipa la maji, au upakwe povu la sabuni. Mapovu yakitoka nyuma ya propela, ni sili za shafti ya propela. Yakitoka chini ya pampu ya maji, ni sili za shafti ndefu ya wima. Yakizunguka kofia inayoshika shafti ya propela, ni oringi, ile pete ya mpira inayoiziba kofia. Usizidharau skrubu mbili za oili: washa zake zikitumika mara nyingi huwa ngumu na kupitisha maji.

Kwangu mapovu yalitoka nyuma ya propela. Hata hivyo nilinunua seti nzima: sili mbili za shafti ya propela, mbili za shafti ya wima, ya fimbo ya gia, oringi ya kofia, washa za skrubu, pamoja na impela, kile kipira chenye mabawa ndani ya pampu ya maji. Mguu ukishashuka kazi kubwa imekwisha, na kuushusha tena kwa sababu ya kipira kidogo ni hasara. Ukitafuta Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, bila seti ya kiwandani, soma namba tatu zilizochapwa kwenye sili ya zamani: upana wa ndani, upana wa nje na unene, zote kwa milimita. Vipimo vikilingana bado uliza kispringi kilicho ndani ya mdomo. Sili nyingi za gari zina kispringi cha chuma cha kawaida, na kwenye maji hakichukui muda kukatika kwa kutu. Tafuta kisichoshika kutu.

Kuushusha mguu si kazi ngumu. Tenganisha fimbo ya gia baada ya kuweka alama mahali ilipofungiwa, toa bolti za pembeni, na kabla ya kuingiza bisibisi kwenye kiungo uhakikishe hakuna bolti iliyobaki. Kwenye moteri nyingi kuna moja iliyofichwa juu ya kile kipezi kidogo kilicho nyuma ya propela, na hiyo ndiyo inayofanya watu wavunje alumini kwa kulazimisha. Uzuri wa ziwa letu ni kwamba halina chumvi ya bahari, kwa hiyo bolti mara nyingi zinakubali.

Kofia ya shafti ya propela inashikwa na bolti mbili, lakini haitoki kwa kuvutwa na mkono. Nilipasha moto alumini ya nje polepole, nikaivuta kwa pula, kifaa cha kung'olea vitu vilivyokaza. Ndani kuna washa nyembamba za kurekebisha nafasi ya gia. Zipange kwenye kitambaa kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, kwa sababu zikichanganyika gia zitakosa kukutana vizuri. Hapo pia ndipo pa kuangalia vipande vya chuma. Unga laini kama grisi ya kijivu ni kawaida. Ukikuta vipande vya meno ya gia, sili peke yake hazitakuokoa.

Sasa chanzo. Sili za shafti ya propela haziozi tu zenyewe. Nilipotoa propela na washa nene iliyo nyuma yake, nilikuta uzi wa nailoni umejisokota pale, umebana kama pete. Ni uzi wa nyavu za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, unaoelea usiku kucha na kunaswa na propela. Ukizunguka pamoja na shafti unajisukuma ndani mpaka unakata mdomo wa sili ya nje. Maji hayaingii kwa wingi moteri ikiwa inafanya kazi. Yanaingia zaidi unapoizima: mguu uliopata moto unapoa ghafla, hewa iliyo ndani inasinyaa, na penye mkato maji yanafyonzwa.

Baada ya uzi nilipitisha ukucha juu ya shafti, pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukikwama, kuna mfereji, na sili mpya ikikaa juu ya mfereji itavuja kama ya zamani. Mfereji wangu haukuwa wa kina, nikausugua kwa msasa laini wenye maji, nikizungusha kwa duara, kamwe si kwa urefu wa shafti, maana mikwaruzo ya urefu ni njia ya maji. Kisha nikaiacha sili isizame kama ya awali, ikabaki nje milimita moja hivi, ili mdomo ukanyage chuma kipya. Shafti yenyewe niliizungusha huku nimeweka ncha ya msumari karibu yake: pengo likifunguka na kufunga, shafti imepinda. Kwa mwambao wetu hilo ni la kuangaliwa sana, kwani mawe ya lava iliyofika ziwani mwaka 2002 hayana huruma na propela. Shafti iliyopinda inapanua sili yoyote utakayoweka.

Mwelekeo wa sili usiukisie. Kwenye Johnson na Evinrude nyingi za zamani zimewekwa mgongo kwa mgongo, ya ndani ikizuia oili na ya nje ikizuia maji. Kwenye moteri nyingine zote mbili zinatazama nje. Piga picha na upime kina kabla ya kutoa. Kuingiza, nilitumia soketi iliyo ndogo kidogo kuliko upana wa nje wa sili, ili nguvu iende kwenye ukingo wa chuma, si kwenye mdomo. Grisi isiyooshwa na maji ijae kati ya sili mbili, na meno ya shafti yafungwe kwa utepe mwembamba yasikate mdomo wakati wa kupita. Utepe utoke baadaye.

Nilifunga mguu nikapima tena kwa hewa kabla ya kutia oili. Saa ilipobaki palepale, ndipo nikatia SAE 90 ya gia, mguu ukiwa wima, kutoka tundu la chini hadi ikatoka juu bila mapovu. Funga skrubu ya juu kwanza, halafu chomoa bomba na ufunge ya chini haraka. Kwa farasi 40 haifiki nusu lita. Meno ya juu ya shafti ya wima yapakwe grisi pembeni tu. Ikiwekwa kichwani mguu hautakaa mpaka mwisho.

Baada ya safari ya kwanza iache moteri ikiwa wima usiku kucha, halafu legeza skrubu ya chini kidogo sana. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yapo yatatangulia kwenye matone ya mwanzo. Ikitoka oili safi, kaza, na kila wiki toa propela uangalie nailoni.