Swali moja, kundi moja la kima punju

Pendekezo langu la kwanza la utafiti lilikuwa na maswali saba. Kima punju wa Jozani, msitu wa Unguja, wanakula nini, wanalala wapi, barabara inawaua wangapi, mkaa wanautafunia nini… Msimamizi wangu alilisoma nikiwa nimekaa mbele yake, kisha akauliza: "Hii kazi ya wiki tatu au ya maisha?" Nikabaki na moja: kundi linaloshinda mashambani, nje kidogo ya msitu, siku yake inakwendaje?

Mnyama huyu kwa asili yuko Unguja tu, na hesabu kubwa niliyoisoma ilipata zaidi ya 5,800. Kwa hiyo hata swali dogo lina maana.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kila baada ya dakika 15 nilipitisha macho kundini kutoka kushoto kwenda kulia na kuandika kila ninayemwona anafanya nini: anakula, amepumzika, anatembea, anacheza, anachambua manyoya ya mwenzake. Tabu ilianza asubuhi ya kwanza. Dume limekaa, jani la mkungu, ule mti wa kungu, liko mdomoni, macho yamefumba. Huyo anakula au amepumzika? Leo niliandika hivi, kesho vile. Siku ya tatu nikaweka sharti: asiyetafuna ndani ya sekunde tano amepumzika. Karatasi za siku mbili za mwanzo nikazitupa, na roho iliniuma.

Mzee wa kijiji cha Pete aliyekuwa akinitembeza alinishika kosa jingine. "Mwanangu, wewe unaandika watoto wanaocheza tu. Wakubwa wako juu kule, wamelala." Kweli. Anayerukaruka huonekana, aliyetulia kwenye majani hupotea. Tangu hapo kila duru nilizunguka mti kwanza ndipo nikashika kalamu.

Mkaa niliuona mara moja tu, siku ya kumi na moja. Jike lililobeba mtoto aliyening'inia chini ya tumbo lake lilishuka nyuma ya jiko la nje, likaokota kipande, likapanda nacho mwembeni. Watafiti wanasema majani ya mkungu na mwembe yana kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa huzinyonya. Lakini lilikuja katikati ya duru mbili, kwa hiyo jedwalini halimo. Nililiandika pembeni, kwa saa na mahali, basi.

Kuandika nilianza na sura ya mbinu, usiku uleule wa kila siku, kabla sijasahau kwa nini nilibadilisha nini. Hiyo ilinisaidia kuliko kitu chochote. Matokeo ndiyo yaliyonitoa jasho. Nilijivunia rekodi zaidi ya elfu moja, msimamizi akaniuliza: kima aliyelala saa nzima umemwandika mara ngapi? Mara nne. Basi hizo si habari nne, ni moja. Ikabidi nijumlishe kwa siku, na rekodi zangu elfu zikawa siku kumi na tatu. Halafu akakata kwa wino mwekundu sentensi yangu iliyoanza "Kima punju wa Unguja hupumzika…" Pembeni akaandika: "Kundi hili, wiki hizi." Nikaibadilisha kila mahali ilipokuwa, mara tisa.