Kopo la Guigoz na chupa ndefu

Mwezi wa tisa wa 2019, shule za msingi za serikali zilipoanza kuwa bure nchini kwetu Kongo (DRC), darasa langu la pili huko Kadutu, Bukavu, lilijaa hadi mlangoni. Mwaka uliotangulia nilikuwa na watoto 46. Sasa daftari la mahudhurio lilikuwa na majina 91, na dawati la watoto wawili lilibeba wanne. Wengine walikuwa na miaka tisa na hawajawahi kushika penseli. Wazazi wao walikuwa wakingoja siku ambayo hakuna atakayewadai minerval, yaani karo ya shule. Niliwafurahia kwa moyo wote, na kila jioni nilirudi nyumbani sina sauti.

Kwenye dawati la mwisho, chini ya dirisha lisilo na kioo, alikaa mvulana aliyekuja mjini na nyanya yake kutoka upande wa Walungu. Nyumbani kwao walisema lugha ya Mashi. Alikuwa mpole, na aliandika kwa kukandamiza penseli mpaka karatasi inatoboka. Hesabu zake karibu zote nilizitia msalaba mwekundu.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi tulikuwa kwenye somo la vipimo. Nilikuja na makopo mawili madogo ya maziwa ya Guigoz, maharagwe, na chupa ya maji ya plastiki niliyoikata shingo. Kila mtu Bukavu analijua kopo lile: maziwa yake yalikwisha zamani, lakini sokoni linapima maharagwe na unga mwaka hadi mwaka. Nikajaza makopo yote mawili, nikasawazisha juu kwa kiganja, watoto wakakubali kwamba yako sawa. Kisha nikamimina moja kwenye chupa. Maharagwe yakapanda, yakakaribia mdomo.

"Sasa mengi yako wapi?"

"Mu chupa!" Darasa zima.

Nikarudia kuanzia mwanzo. Mu chupa. Mara ya tatu nikamnyooshea kidole mvulana wa dirishani. Akajibu polepole, akiitazama chupa wala si mimi: "Mu chupa iko mingi, mwalimu." Nikaona ananipinga. Nikampigisha magoti mbele, karibu na ubao.

Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu jaribio lile sikulibuni mimi. Nililisoma sekondari, sehemu ya ualimu, katika saikolojia ya mtoto. Ni la Jean Piaget, Mswisi. Ngazi zake nne za ukuaji wa akili nilizikariri pamoja na miaka yake: 0 hadi 2, 2 hadi 7, 7 hadi 11, na kuendelea. Nilijua kwamba mtoto mdogo hushikwa na kimo. Kilichopanda juu ndicho kingi, na upana hauoni. Kwa kuwa wengi wangu walikuwa wamefikisha miaka saba, nilidhani kitabu kimeshawamaliza. Nilikuwa naijua nadharia kama jibu la Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Mtoto alipoisema kwa mdomo wake, mbele yangu, nikaiita utundu.

Na Piaget mwenyewe alianzia hapo. Alipokuwa kijana huko Paris, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alipewa kazi ya kuwapima watoto wa shule kwa maswali ya mantiki. Yaliyotakiwa ni majibu sahihi. Yeye akavutwa na yale ya makosa, maana watoto wa umri mmoja walikosea namna moja, akaanza kukaa nao na kuwauliza kwa nini. Mimi nilikuwa na watoto 90 wanaokosea namna moja, na sikuuliza.

Aliyenizindua ni binti wa dawati la pili. Mama yake anauza maharagwe katika soko la Kadutu, na mchana yeye humsaidia. Hakunyoosha mkono. Alisema tu, kama anayemhurumia mwenzake pale chini: "Ni ileile. Uirudishe mu guigoz, itajaa palepale. Hakuna matabishi."

Matabishi, kwa asiye wa kwetu, ni ile nyongeza ya bure anayokutilia muuzaji akishapima. Kitabu kilikuwa na neno refu kwa wazo hilo: mtoto anaweza kulirudisha tendo nyuma akilini, akajua hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Yeye alilipata kwa mama yake, kwa mikono.

Nikamwinua mvulana. Nikamwomba msamaha mbele ya wenzake, kukawa kimya, kwa sababu hawakuwa wamezoea. Kisha nikampa kopo. "Mimina wewe."

Miaka iliyofuata nilikuja kusoma kwamba Patricia Greenfield, Mmarekani, alifanya jaribio kama hilo na watoto wa Kiwolofu nchini Senegal katika miaka ya 1960. Akimimina maji yeye, watoto wengi wasiosoma walisema yamebadilika. Mtoto akimimina mwenyewe, majibu sahihi yaliongezeka sana, kana kwamba mkono wa mtu mkubwa mgeni una nguvu zake za siri. Siku ile sikuyajua hayo. Nilimpa kopo kwa sababu ya aibu.

Alimimina mkono ukitetemeka. Maharagwe mawili yakaanguka. Akasimama, akayatafuta kwenye vumbi, akayafuta kwa shati, akayarudisha ndani ndipo akaendelea. Nilimtazama sana. Mtoto niliyedhani hana habari ya kipimo hakukubali mawili yapotee. Alipoyarudisha yote kwenye kopo, akapitisha kiganja juu kama nilivyofanya mimi. Sawasawa. Akamimina tena kwenye chupa.

"Na sasa?"

Akakawia. "Mu chupa."

Wenzake wakacheka, nikawanyamazisha. "Kwa nini?"

Akaweka kidole kwenye chupa, pale maharagwe yalipofika, kisha akakishusha mpaka kwenye kimo cha kopo. "Ilipanda." Tangu mwezi wa tisa, hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza namna anavyofikiri.

Wiki nzima tulimimina, makundi kwa makundi: maharagwe, mchanga, maji. Direkta alilalamika kwamba niko nyuma ya ratiba, na kweli nilikuwa nyuma. Lakini nirudi siku ileile: saa ya kwenda nyumbani mvulana alibaki, akaniomba chupa na kopo. Nikampa.

Kesho yake alikuwa mlangoni kabla ya kengele, vyote viwili vimeoshwa.

"Tulimimina maji ku nyumba, mwalimu. Mara mingi."

"Mukaona nini?"

Hakujibu. Aliweka kopo na chupa juu ya meza yangu, akaniomba maharagwe ili anionyeshe.