Ukoko na mabaka kwenye plasta mpya ya bwawa: usikimbilie asidi

Plasta ya bwawa la kuogelea ikianza kutoa mabaka ndani ya mwezi wa kwanza, mwenye nyumba humgeukia fundi, na fundi hugeukia dumu la asidi ya haidrokloriki. Ngojeni kwanza. Asidi ikimwagwa moja kwa moja juu ya plasta isiyotimiza siku 28 hula saruji nyeupe na kuacha chembe za marumaru zimechomoza. Ukipitisha kiganja utadhani unagusa msasa, na mwani hupenda mahali kama hapo.

La kwanza ni kujua kama doa limo ndani ya plasta au limekaa juu yake. Chukua msasa wa maji namba 400, sugua eneo la ukubwa wa sarafu. Weupe ukitokea, kuna kitu kimeganda juu. Kwangua kidogo uweke kwenye kisahani, udondoshee asidi: ikitoa povu, huo ni ukoko wa chokaa. Isipotoa povu na ukoko ni mgumu kama kigae, huenda ni silika (madini yaliyomo kwenye mchanga), na huo hautoki kwa asidi bali kwa kusugua. Doa la kahawia lijaribu kwa kidonge cha vitamini C: kikandamize juu yake kwa dakika moja. Likififia, ni madini ya chuma.

Mawingu ya kijivu yasiyobanduka kwa msasa yalitokea siku ya kazi yenyewe: kloridi ya kalsiamu ya kuharakisha ukaukaji ilizidi asilimia 2 ya uzito wa saruji au haikuchanganyika sawasawa, ama mwiko wa chuma uliendelea kusugua plasta iliyokwisha kukaza. Hapo fundi ana la kujibu. Vidoti vya kutu vinavyorudi palepale kila ukivisafisha ni waya wa kufungia nondo ulioachwa karibu na uso; chimba, ukate, uzibe. Na vinundu vyeupe vilivyojipanga kwenye ufa, gongagonga pembeni yake: ukisikia mlio wa utupu, plasta imeachana na ukuta.

Ukoko una historia nyingine. Saruji inapokomaa hutoa chokaa, na chokaa hiyo hupandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji: ikishuka, maji ni machachu zaidi) hadi kupita 8 bila mtu kutia kitu. Hapa pwani maji ya kisima yamepita kwenye miamba ya matumbawe, kwa hiyo yanaingia bwawani na kalsiamu yake tayari. Juu yake tunaongeza klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, ambayo nayo ni ya kalsiamu: kila miligramu 10 za klorini kwa lita huacha ugumu, yaani kalsiamu iliyoyeyuka majini, wa kama miligramu 7. Klorini hutumika ikaisha, kalsiamu hubaki.

Kujaza ndiko wengi wanakoharibu. Ukijaza kwa maboza, yapange yafuatane. Boza likichelewa nusu siku, mstari wa maji utabaki ukutani kama pete. Funga gunia kwenye mdomo wa mpira na uuweke sehemu yenye kina kirefu. Kisha brashi ya nailoni mara mbili kwa siku, siku 14 mfululizo, kuta kwanza, sakafu baadaye. Pima kila siku: pH 7.2 hadi 7.6, alkali (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) miligramu 80 hadi 100 kwa lita, ugumu 200 hadi 400. Chumvi ya mashine inayotengeneza klorini kutokana na chumvi isiingie kabla ya siku ya 28. (Maji ya mtambo wa kuondoa chumvi yana kosa la upande wa pili: hayana kalsiamu, basi huifuata kwenye plasta.)

Kwa bwawa la lita 50,000 lenye alkali ya 100, nusu lita ya asidi ya asilimia 31 hushusha pH kutoka 7.8 hadi karibu 7.5. Kushusha alkali kwa 10 huhitaji lita moja. Asidi imiminwe kwenye ndoo yenye maji, kamwe si maji juu ya asidi, na ndoo hiyo isiwe ile ya klorini.

Ukoko ukishakaa, shikilia pH kwenye 7.0 hadi 7.2 na upige brashi kila siku kwa wiki kadhaa. Ni kazi ya kuchosha, lakini plasta inabaki. Ugumu ukizidi 400, dawa ni kubadilisha maji: toa theluthi, weka ya mvua, pima, rudia. Usikaushe bwawa lote kwenye kiwanja chenye maji ya ardhini ya juu, maana bwawa tupu linaweza kuinuliwa likapasuka.

Kwa madoa ya chuma, acha klorini ishuke hadi sifuri, la sivyo itaimaliza vitamini C kabla haijafika kwenye doa. Zuia watu kuogelea. Tawanya gramu 600 za unga wa asidi askobiki (ndiyo vitamini C) kwa lita 50,000, pampu ikizunguka. Doa likitoka, weka dawa ya kushika madini kabla ya klorini, kisha rudisha klorini kidogo kidogo. Ukiirudisha yote jioni hiyohiyo, asubuhi kutu imerudi ukutani.