Kiwanja kilichofyekwa

Nairobi, Jumapili jioni

Ukikaa karibu na uwanja wa Wilson unazoea kudhani kila kiwanja cha ndege huacha lami na uzio. Vile vya Vita vya Kwanza vya Dunia havikujengwa, vilifyekwa. Vichaka viling'olewa, mashimo ya wanyama yakazibwa, mahema yakasimama pembeni. Mwaka 1915 wanamaji wa Uingereza walirusha ndege za Caudron kutoka Maktau, na mapema 1916 ndege za BE2c za Skwadroni ya 26 ya Uingereza zikawa Mbuyuni, kwenye njia ya Voi kwenda Taveta. Jeshi lilipohama, migunga ikarudi.

Kwa hiyo ukitafuta kiwanja cha namna hiyo, usianze kwa kusaka mstari ulionyooka. Upande ule mistari imejaa: mkonge, njia za kuzuia moto, reli. Anza na karatasi. Shajara za vita, kumbukumbu za kila siku za vikosi, ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya Uingereza huko Kew, London, katika makundi ya WO 95 na AIR 1, na mara nyingi zinataja mahali kwa maili kutoka stesheni au kilima fulani. Maili moja ni kilomita 1.6. Pima kwa kufuata reli yenyewe, maana ndege ndiye anayekata moja kwa moja, treni haiwezi.

Kisha nenda Ruaraka, ofisi za upimaji ardhi, ukaulize ramani za 1:50,000 na picha za angani. Skwadroni ya 82 ya jeshi la anga la Uingereza ilipiga picha sehemu kubwa ya Afrika kuanzia 1946, wakati mwingine ikiruka kutoka Islii, kiwanja ambacho leo ni kambi ya jeshi la anga (hapo kamera ibaki mfukoni). Kwenye picha ya 1:30,000, uwanja wa mita 600 ni sentimita 2 tu. Beba kioo cha kukuzia.

Hapa ndipo wengi hupotea. Ramani hizo zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, ilhali simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukinakili namba za ramani na kuziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, utaongozwa hadi takriban mita 300 kaskazini ya mahali penyewe na mita 90 hivi magharibi. Utazunguka kichakani kutwa, ukiapa kwamba shajara imedanganya, kumbe kosa ni la kipimo. Geuza kwanza, halafu jaribu kwa daraja la reli ambalo bado lipo.

Ukifika, fika alfajiri. Jua likiwa chini, kivuli huonyesha mfereji wa maji au kitako cha hema ambacho saa sita mchana hukioni hata ukikikanyaga. Angalia pembeni kuliko katikati, kwa sababu katikati palifyekwa tu. Takataka ziko pembeni. Petroli ilikuja kwa debe la galoni 4, madebe mawili kwenye sanduku la mbao, na bati lililooza hubaki kama vipande vyekundu vyembamba, mshono uliolehemiwa kwa madini ya risasi ukiwa bado unaonekana ukingoni. Kipande kimoja hakithibitishi kitu, kwani debe lilitumika kila mahali, hata kuezekea. Rundo lake kando ya ardhi tambarare, mahali palipotajwa na karatasi, hapo ndipo pa kuanza kuamini.

Usichimbe. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inadai kibali. Na ukiona chuma cha duara kilichojaa kutu, huenda ni bomu; kiache, weka alama ukiwa mbali, kisha piga simu polisi.

Waulize wazee pia, ila uliza jina la mahali, usiulize ndege. Dodoma na Morogoro kata zinaitwa Kiwanja cha Ndege hadi leo.