Mbwa walinzi wa mifugo, na mifugo yenyewe hakuna

Kila nikitoka nje na mbwa wangu wawili, Mzee na Dada, swali ni lile lile, hao wanakula kiasi gani? Na watu hawaamini nikisema hawali kama mwili unavyoonyesha. Mzee ana zaidi ya kilo 50, akisimama kwa miguu ya nyuma ananiwekea ya mbele mabegani na tunaangaliana usoni, lakini hawa mbwa wakishapevuka hawana haraka na kitu, mchana kutwa wamejilaza tu, kuna siku Dada anafuata bakuli, ananusa, anageuza shingo anaondoka zake. Swali la maana hakuna anayeniuliza, nalo ni hili: unalala saa ngapi?

Mzee ana damu ya Great Pyrenees, wale weupe wenye manyoya mengi kutoka milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, utamjua kwa zile kucha mbili za ziada zinazoning'inia kwenye kila mguu wa nyuma. Dada ni chotara wa Kangal, mbwa wa Uturuki, rangi ya mchanga na uso mweusi. Wote wawili nimewachukua kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa. Mzee alirudishwa na watu kwa sababu anabweka sana. Dada yeye alikuwa kwenye shamba, mwenye shamba akauza kondoo wote, mbwa akabaki hana kazi na hana mwenyewe.

Hapo ndo kuna jambo linaniuma kidogo. Mbwa wengi wa aina hii wanaofika vituoni hawana kasoro yoyote, wametupwa kwa kufanya ile ile kazi waliyozaliwa nayo. Watu wanaona kitoto cheupe kizuri kama pamba, wanakibeba, mwaka haujaisha wana mbwa mkubwa kuliko sofa, anabweka usiku kucha, anaruka uzio, ukimwita anakutazama tu halafu wanasema huyu mbwa mkaidi, haelewi. Anaelewa sana!

Ni kwamba watu wanachanganya mbwa wa aina mbili. Kuna wale wa kuswaga kondoo kama Border Collie, anakimbiza, anazungusha, jicho lake liko kwa bwana wake anangoja ishara. Mlinzi wa mifugo ni kitu kingine kabisa, yeye anawekwa na kondoo au mbuzi akiwa bado mdogo sana, anakua nao, analala nao, mpaka anawaona ndo familia yake, na hamu ya kuwakimbiza hana au ni kidogo mno. Usiku mchungaji amelala, mbwa yuko peke yake na kundi, nani atampa amri? Anaamua mwenyewe. Na watu wamewachagua hivyo kizazi baada ya kizazi, kwa hiyo leo nikisema "Mzee njoo" anasikia vizuri tu, anapima kama kuna sababu, akiona ipo atakuja, taratibu, kwa njia ndefu. Ndo maana sehemu isiyo na uzio simfungui kamba hata siku moja, na sijali nani ananiambia wa kwake anatii.

Kingine ni kwamba kazi yao kubwa siyo kupigana. Wanabweka, wanakojolea mipaka, wanasimama katikati ya mifugo na kile kinachokuja. Kule Namibia kuna shirika linaitwa Cheetah Conservation Fund, tangu 1994 linawapa wafugaji mbwa wa jamii hii, Anatolian na Kangal, ili mfugaji asione haja ya kumuua duma, na duma akikuta mbwa mkubwa anabweka na hakimbii mara nyingi anaenda kutafuta mlo kwingine maana akiumia hawezi kuwinda. Australia nako, kwenye kisiwa cha Middle Island, mwaka 2006 waliweka mbwa wa Maremma wa Italia kulinda pengwini wadogo wasiliwe na mbweha. Pengwini jamani! Yaani hata siyo lazima wawe kondoo, mbwa anataka tu awe na kitu cha kulinda.

Basi hapa kwangu kundi ni sisi. Sisi na paka. Paka alikuwa hamtaki Mzee kabisa, sasa anapita chini ya tumbo lake kwenda kula na hakuna anayeshtuka. Watoto wakija kucheza ni sawa, lakini wakianza kupigana mieleka Mzee anainuka anapita katikati yao na lile limwili lake, kila mtu upande wake, anajilaza hapo hapo. Wageni wanakubalika kama nimewakaribisha mwenyewe mlangoni na mbwa wameona. Fundi aliyeingia mimi nikiwa bafuni hakung'atwa, ila nilivyotoka nilimkuta amesimama palepale alipoingilia, Dada kakaa mbele yake, hawasemezani.

Usiku sasa. Saa nane, saa tisa, Mzee anaanza. Ukimpigia kelele anyamaze anadhani ni vizuri, na wewe umejiunga. Kitu kinachosaidia kwangu ni kutoka, kusimama pembeni yake, kuangalia kule anakoangalia, na kumwambia "nimeona, sawa, asante". Najua inasikika kama uchizi lakini mara nyingi ananyamaza, kazi yake ilikuwa kutoa taarifa na taarifa imefika. Halafu wote wawili naingiza ndani, kwa sababu majirani hawakuomba mlinzi. Kama unakaa ukuta kwa ukuta na watu, mimi nakushauri kabisa usichukue.

Uzio: mrefu, mita 1.8 kama unaweza, na chini uwe imara maana wanachimba. Siyo kwamba wanakukimbia, wanapanua tu eneo la doria, bila uzio watalinda mpaka mtaa wa tatu.

Wale waliotoka mashambani wana mambo yao pia. Dada hakuwahi kuishi ndani ya nyumba, ngazi hazijui, sakafu inayoteleza inamtisha, runinga ikiwaka anaenda kuchungulia nyuma yake. Tulimwacha tu, hakuna kumbeba (utambebaje?), hakuna wageni, hakuna kumpapasa asipokuja mwenyewe, na kila mbwa anakula chumba chake mlango umefungwa. Mpaka leo mvua ikinyesha kitanda chake kipo na yeye yuko nje amelala kwenye tope, ana amani.

Manyoya sitaki hata kuanza. Wana tabaka mbili, la chini linamwagika kwa msimu na linatoka mafungu mafungu, vakyumu inalia. Mtu akikushauri umnyoe wakati wa joto kataa, lile koti linamkinga na jua pia, wewe chana tu, chana, chana.

Ila kuna hili nalisema kwa herufi kubwa kila nikipata nafasi: TUMBO. Mbwa wenye kifua kirefu kama hawa tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota. Ukiona limevimba, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, anahangaika, hatulii, usingoje asubuhi, ni daktari wa mifugo saa hiyo hiyo maana anaweza kufa ndani ya masaa machache. Wakati wa kumfunga kizazi unaweza kuuliza daktari kuhusu kulishona tumbo lishikamane na ukuta wa ndani ili lisijisokote.

Na kama bado unamtaka baada ya yote haya, nenda kituoni ukachukue mtu mzima. Hawa wanapevuka kichwani kwenye miaka miwili hivi, kabla ya hapo ni mtoto mwenye mwili wa ng'ombe, wakati mkubwa unamwona alivyo, anapenda paka au hapendi, anaruka au haruki. Wengi wanaishi miaka 10 mpaka 12 kwa hiyo hata wa miaka sita bado mna muda pamoja. Mimi nikiongeza wa tatu, na mume wangu asifike kusoma hapa chini, nataka ajuza wa miaka minane ambaye keshachoka kuchimba.